Mtani Aliyesikia Moyo Wangu

Niliporudi nyumbani kutoka migodini Kusini mwa Afrika, katikati ya miaka ya hamsini, nilivaa suti ya sufu ya kijivu, na ndani ya sanduku la bati nilibeba diploma ya ufundi wa maji yenye muhuri mwekundu. Hapakuwa na mtu mwingine mwenye karatasi kama ile kwenye vilima vyetu vya karibu na Ilula, wala sikusikia habari zake Iringa nzima. Diploma ile niliitafuta mwenyewe. Hakuna misheni iliyonipeleka wala mjomba aliyenishika mkono. Mchana nilikuwa kwenye nyumba ya pampu ya mgodi, jioni nilikuwa darasani pamoja na watu walioniuliza kama Tanganyika kuna shule. Nasema haya kwa kujisifu, sikatai, maana aliyefanya kazi ana haki ya kuitaja. Lakini nayasema pia ili msomaji aelewe ni mtu wa namna gani aliyevua shati mbele ya Mngoni mmoja katika hospitali ya Mbeya, na kwa nini mtu huyo hakusikia alichoambiwa.

Idara ya maji ilinichukua Mbeya kwa majaribio. Kwa muda mfupi nilikuwa nimetengeneza pampu mbili zilizokuwa zimeachwa zioze, na Mzungu mkuu wa ofisi yetu akaanza kuniita mezani kwake mbele ya watu. Ndipo akaniambia mambo mawili kwa siku moja. La kwanza, nitaongoza kazi ya kupima njia ya bomba jipya, kutoka chemchemi iliyo juu kabisa mlimani, upande wa Loleza, hadi mjini. La pili, ataniombea kazi ya kudumu. Kwa hilo la pili ilitakiwa fomu ya afya iliyotiwa saini na daktari. Ni desturi tu, akasema. Kila mtu anaijaza.

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikuwa nimeshapimwa mara mbili maishani, wakati wa kuandikwa kwenda mgodini. Tulisimama mstari mmoja, vifua wazi, tukaangaliwa meno na misuli, na yule Mzungu akanigusa kifua kwa chombo chake kwa muda wa kupiga chafya moja. Mara zote mbili nilipita. Nilikwenda hospitali Jumatatu asubuhi nikiwa na suti yangu, kama mtu anayekwenda kupigwa picha.

Aliyenipokea alikuwa mganga msaidizi, mtu mfupi, mnene kidogo, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Daktari mkuu alikuwa safarini Chunya, na watu wa fomu walikuwa wakiangaliwa na yeye. Alisoma karatasi yangu, akainua macho.

"Iringa. Mhehe wewe?"

"Mhehe."

Akaweka kalamu chini, akageukia ukumbini ambako wagonjwa walikuwa wameketi kwenye benchi. "Jamani! Mwenye mbwa amfunge! Mhehe ameingia!"

Benchi zima likacheka, hata mama mmoja aliyekuwa ameshika taya kwa maumivu ya jino. Hapo nikajua nimekutana na mtani wangu kutoka Songea.

"Na mwenye ng'ombe naye afunge," nikamjibu, "maana Mngoni akiamka asubuhi hukuta ng'ombe wa jirani wamemfuata wenyewe mpaka kwake."

Asiyetoka kwetu huenda akashangaa. Babu zetu na babu zao walipigana vita vikali, wakachinjana mpaka pande zote mbili zikachoka, kisha wakaacha mikuki wakashika matusi. Tangu hapo Mngoni na Mhehe ni watani: Mhehe husingiziwa kula mbwa, Mngoni kuiba ng'ombe. Mtani atakutukana mbele ya mkweo, atachukua kofia yako aende nayo, na siku ya msiba wako atafika akicheka, ataingia kaburini alale humo, na mwili hautashushwa mpaka apewe kitu ndipo atoke. Na wewe hutakiwi kununa. Anayenuna ameshindwa, na habari zake zitafika nyumbani kabla yake.

"Suti hii imeshonwa wapi?" akauliza nilipokuwa navua.

"Kusini. Kwenu bado mnavaa ngozi."

Akaichukua, akapima mkono wa koti kwenye mkono wake, mbele ya mlango ulio wazi. "Inanifaa. Ukifa, mtani, wanipelekee habari mapema, kabla nondo hawajaanza kuila." Kisha akaitundika vizuri sana, kama mali yake.

Akaniweka kitini, akanigusa kifuani kwa chombo cha kusikilizia. Kilikuwa cha baridi kama jiwe la mtoni. Alikuwa bado anaongea, kitu fulani kuhusu namna Wahehe wanavyokunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na katikati ya neno akanyamaza. Akasogeza chombo kushoto, kuelekea kwapani. Akaniambia nilale ubavu. Akaniambia nitoe pumzi na nisivute nyingine. Akanichuchumaza na kunisimamisha mara kadhaa, akasikiliza tena, macho ameyafumba.

"Mtani," akasema, "moyo wako una mlango usiofunga vizuri. Damu inarudi nyuma."

Nikaangua kicheko. "Umeitamani suti kiasi hicho?"

"Sitanii."

"Ndivyo anavyosema kila Mngoni akikutwa ameshika kamba ya ng'ombe wa watu!"

Benchi likacheka kwa nguvu kuliko mwanzo. Yeye aliangalia ukumbini, akaniangalia mimi, na hapo alifanya kosa ambalo baadaye alilikiri kwangu mwenyewe. Watu walikuwa wanangoja jibu lake. Hakuweza kumwacha Mhehe aondoke na neno la mwisho. Akatabasamu.

"Haya, nenda. Lakini usipande mlima wowote. Ukifia huko juu, nani atanishushia suti yangu? Alhamisi daktari mkuu atakuwa amerudi, uje umwone. Fomu yako inabaki hapa."

Nilitoka nikicheka, na njia nzima mpaka sokoni niliendelea kucheka peke yangu. Nilimwona ni mtani hodari kuliko wote niliowahi kukutana nao, maana hata kushikilia fomu ya serikali aliweza ili mzaha ukolee. Na hata kama pangekuwa na punje ya ukweli, mimi nilipimwa na Wazungu wa mgodi mkubwa. Huyu alijifunzia wapi?

Jumatano nikapanda mlima.

Nilikwenda na wapagazi wanne na msimamizi wao, mzee wa Kisafwa aliyezijua chemchemi zote za upande ule tangu utoto. Vifaa vya kupimia vilikuwa vizito, hasa darubini na miguu yake mitatu. Kwa kawaida hubebwa na wapagazi. Mimi nikasema nitabeba mwenyewe. Nilitaka habari ifike ofisini kwamba mwenye diploma alipanda na darubini begani na hakumpa mtu.

Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mashamba ya pareto tulipoanza. Sehemu ya kwanza nilikwenda mbele ya wote. Tulipofika penye mteremko mkali, juu ya mashamba ya mwisho, pumzi ikaanza kunikataa. Nilidhani ni baridi. Kisha nikausikia moyo wangu wenyewe, unakimbia hatua mbili, unajikwaa, unakimbia tena, kama pampu iliyovuta hewa badala ya maji. Nikasimama. Sikutaka wapagazi waone, nikatoa daftari mfukoni nikaliinamia kama ninayesoma vipimo.

Mzee wa Kisafwa akanikaribia taratibu, akatazama mkononi mwangu.

"Bwana Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "daftari umelishika kichwa chini."

Hakucheka. Alinyoosha mkono akachukua darubini begani mwangu bila kuniomba, akaitia begani mwake, mtu mwenye mvi, akatangulia. Nami nikamfuata nikihesabu hatua, nikisimama kila baada ya hatua chache, mpaka tukafika kwenye chemchemi. Maji yalikuwa yanatoka ndani ya mwamba bila sauti, meupe, hayana haraka. Nilikaa pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nilipima nilichokuja kupima. Hilo naliandika, kwamba nilipima na vipimo vilikuwa sahihi.

Tuliposhuka jua lilikuwa bado juu. Nyumbani kwangu nilikuta baiskeli imeegemezwa ukutani, na Mngoni ameketi kwenye ngazi ya mlango, kofia ameivua na kuiweka magotini.

Nilifurahi kumwona. Nilikuwa nahitaji kucheka. "Mngoni! Umekuja kuichukua suti mchana kweupe? Babu zako angalau walikuwa na adabu ya kungoja giza!"

Hakujibu.

Nikadhani hakunisikia, nikamrushia jingine, kali zaidi, la mambo ya mama mkwe wake, ambalo kwa Mngoni yeyote lingetosha kumwinua kitini. Aliniangalia tu. Kisha akasimama, akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Umepanda, ndugu yangu?" akauliza.

Hakuniita mtani. Hakuniita Mhehe. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona Mngoni aliyeacha matusi mawili yaanguke chini bila kuyaokota. Nikaketi kwenye ngazi alipokuwa ameketi yeye.

"Nimepanda," nikasema.

"Na ulijisikiaje?"

Nikamwambia. Ni mtu wa kwanza niliyemwambia ukweli tangu nirudi nyumbani. Alinisikiliza akitikisa kichwa, kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekosa. Nilikuambia jambo la kufa kwa mdomo uleule niliokutania nao. Leo nilipita ofisini kwenu, wakaniambia umeshakwenda mlimani tangu alfajiri. Sikufanya kazi tena."

Tukaingia ndani. Akatoa chombo chake mfukoni, akaniambia nikivae masikioni. Akafungua vifungo vya shati lake, akaweka kile kidude cha chuma kwenye kifua chake mwenyewe. "Huu ni mzima," akasema. "Sikiliza."

Nilisikia milango miwili ikifungwa mmoja baada ya mwingine, safi, du-dup, du-dup, na kati yake kimya. Kilikuwa kimya kizuri. Kisha akachukua kile chuma akakiweka kwangu, chini ya titi la kushoto, akakisogeza kidogo kuelekea kwapani.

Sikuhitaji kuambiwa kitu. Pale ambapo kwake palikuwa kimya, kwangu palikuwa na sauti ndefu, fuuu, fuuu, laini, haikosi hata mara moja. Sauti ile niliijua. Niliishi nayo miaka kwenye nyumba ya pampu. Ni sauti ya vali ya kuzuia maji yasirudi, pale raba yake inapokuwa imeliwa ukingoni: pampu inasukuma, maji yanakwenda, lakini kiasi fulani kinapenya kurudi kilikotoka, na pampu inalazimika kukisukuma tena. Fundi mzuri huisikia akiwa mlangoni. Mimi nilikuwa fundi mzuri. Nilikuwa na muhuri mwekundu. Nami nilitembea na sauti ile ndani ya kifua changu, nikavuka nayo mipaka, nikalala nayo kila siku, bila kuisikia.

Sikukivua kile chombo upesi. Yule Mngoni aliniacha nisikilize. Sijui nieleze vipi hali niliyokuwa nayo, maana woga ulikuwepo, lakini juu ya woga palikuwa na jambo jingine kubwa zaidi. Kusini tulikuwa na pampu zilizoletwa kwa meli, za chuma kinene, na kila baada ya miezi michache tulizisimamisha, tukazifungua, tukabadilisha raba, tukapaka grisi. Hii haikuwahi kusimamishwa. Ilianza kufanya kazi mimi nikiwa bado tumboni mwa mama, gizani, pasipo fundi, na tangu mlango wake ulipoharibika haikuomba mapumziko hata ya kupepesa jicho. Ilikuwa inasukuma maji yaleyale mara mbili na haikuniambia. Nilidhani mimi ndiye niliyejipeleka Kusini. Nilidhani mimi ndiye niliyeipata ile diploma. Nilikaa kwenye kiti changu nikasikiliza aliyenibeba.

Alhamisi daktari mkuu alirudi. Alikuwa Mzungu mzee mwenye mikono ya taratibu, Kiswahili chake cha kuokoteza lakini kinaeleweka. Alisikiliza mbele na nyuma, kisha akaniuliza kama utotoni niliwahi kuvimba magoti. Nikasema sikumbuki, mimi sikuwahi kuwa mtoto mgonjwa. Akasema jibu la swali hilo ni la maana sana. Kama mlango uliharibiwa na homa ya viungo, homa hiyo inaweza kurudi na kuumaliza kabisa, lakini ipo sindano ya kuizuia. Kama nilizaliwa nao hivyo, basi ni habari nyingine, na sindano haitasaidia. Akaniuliza kama mama yangu yu hai. Na fomu yangu haikutiwa saini. Nilimwona akiirudisha kwenye droo.

Nikapanda basi kwenda Iringa. Njia nzima, kupita Makambako na Mafinga, nilikuwa nimeweka kiganja ndani ya koti kama mtu anayeshika barua muhimu. Nilipotoka nyumbani mara ya mwisho nilipita njia ile nikiwatazama abiria wengine kwa upande. Safari hii nilimtazama kila mmoja kifuani, wanawake na mizigo yao, Mhindi mwenye duka aliyekuwa amesinzia, nikajiuliza ni wangapi wanabeba wasichokijua.

Mama nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo.

"Kamwene, mwanangu," akasema bila kusimama. "Umekonda."

"Kamwene, mama. Nimekuja kukuuliza kitu. Nilipokuwa mdogo, niliwahi kuugua magoti?"

Mikono yake ikasimama juu ya maharage. "Nani amekuambia?"

"Daktari."

"Amejuaje?" Akashusha ungo chini. "Ulianza na koo. Kisha goti, likawa kama kibuyu. Leo goti hili, kesho lile, kesho kutwa kiwiko, kama kitu kinachotembea ndani. Ulikuwa umeshakuwa mkubwa, siyo mtoto wa kubebwa, lakini nilikubeba mgongoni, miguu yako inaburuta chini. Msimu mzima wa kulima sikushika jembe. Baba yako alikwisha chagua mahali pa kukuzika."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulipona, ukakimbia," akasema mama. "Na tangu siku ile hujasimama. Ningekuambia saa ngapi?"

Nikamweleza habari za mlango, polepole, kwa Kihehe, na nilipokosa neno nilitumia mifereji ya shambani, maji yanayovuja kwenye kizuizi cha udongo. Alielewa upesi. Akafuta mikono kwenye kanga, akanivuta shati, akaweka sikio lake kifuani pangu, nywele zake zinanuka moshi.

"Unapiga kelele," akasema hatimaye. "Kama mwenyewe."

Kisha akageuka upesi kuendelea na maharage, na sikumwona uso.

Niliporudi Mbeya daktari alisikia habari za koo na magoti, akafungua droo. Alitia saini. Chini ya saini akaandika kwamba nafaa kwa kazi, isipokuwa kazi ya kupanda milima au ya kubeba mizigo, na kwamba kila mwezi nitachomwa sindano ya penisilini, pengine kwa maisha yangu yote. Nilipeleka fomu ofisini nikiwa nimeshajiandaa kufukuzwa. Mkuu wangu alisoma ile mistari ya chini mara mbili, akazunguka na kalamu yake mdomoni, akaniuliza kama naweza kuchora bomba lote nikiwa nimekaa. Nikamwambia hakuna mtu kati ya Mbeya na Iringa awezaye kulichora vizuri zaidi. Huo ulikuwa ukweli, na ndivyo ilivyokuwa. Mzee wa Kisafwa alipanda na kushuka na kunieleza kila mwamba, nami nikalichora bomba lile kutoka juu mpaka chini. Siku maji yalipofika mjini nilifungua koki ya kwanza kwa mkono wangu.

Lakini kabla ya hayo, kulikuwa na sindano ya kwanza. Nilikwenda hospitali bila suti. Benchi lilikuwa limejaa. Yule Mngoni alinipokea kwa adabu, akaniambia niinamie meza, akaanza kuandaa vitu vyake kimya kimya. Kile kimya kilinitisha kuliko sindano. Tangu siku ile mlangoni kwangu hakuwa amenitania hata mara moja, na mimi nilijua ni mtu gani asiyetaniwa na mtani wake: ni yule anayehurumiwa. Nilisubiri nimeangalia ukuta. Nilijaribu kutafuta tusi la kumrushia, nikaogopa litaanguka chini tena.

Nikasikia pamba yenye spiriti, baridi.

"Mhehe," akasema, kwa sauti ya kufika mpaka mwisho wa benchi, "hii dawa nimeichanganya na mchuzi wa mbwa, mwili wako usije ukaikataa kwa ugeni."

Nilicheka mpaka akalazimika kunikandamiza bega kwa kiwiko, akinifokea nitulie, sindano ya serikali isije ikavunjika ndani ya Mhehe.